Kitabu cha jicho na kitabu cha sikio: kumchagulia mtoto kitabu kwa umri wake

Ukiingia duka la vitabu hapa Mombasa ukasema wataka kitabu cha hadithi cha mtoto, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Yuko gredi ya ngapi?" Ukijibu ya tatu, mkono wa muuzaji unakwenda moja kwa moja kwenye rafu ya gredi ya tatu, unapewa kimoja chenye jalada la kung'aa, unalipa, unatoka. Nami nimenunua hivyo miaka na miaka. Watoto wa kaka yangu ni wanne, na pamoja na wa majirani hufika saba au wanane, na jioni za Jumamosi hukaa nao barazani hapa Kuze tukasoma. Vitabu nilivyonunua kwa kufuata gredi vingi vimebaki kabatini, bado vyanukia duka. Vilivyochakaa, vilivyotoka jalada na kukunjika pembe, ni vile nilivyochagua kwa kumtazama mtoto mwenyewe.

Nilichokuja kukifahamu ni kwamba mtoto ana jicho na ana sikio, na viwili hivi havikui sawa. Mtoto wa miaka saba huweza kukwama kwenye neno "wamekwishaondoka" mpaka ukamwonea huruma. Mtoto huyo huyo, ukimhadithia kisa kirefu cha Abunuwasi, hapitwi na kitu, tena kesho yake ukiruka mahali anakusahihisha. Jicho lake lina miaka saba, sikio lake lina miaka kumi. Ukimpa kitabu kimoja kifanye kazi zote mbili, ama kitamshinda kukisoma ama kitamchosha kukisikiliza. Kwa hiyo katika ulinganisho huu, kila umri nitauwekea vitabu viwili mezani, cha kujisomea na cha kusomewa, kisha niseme mimi ningechukua kipi.

Usihesabu maneno, hesabu silabi

Watu wengi hupima ugumu wa kitabu kwa wingi wa maneno kwenye ukurasa. Kwa Kiswahili kipimo hicho hudanganya. "Hatukuwaambia walipotuuliza" ni maneno mawili tu, lakini ukiyafasiri kwa Kiingereza yanakuwa tisa. Wizara ya Elimu ilipoweka viwango vya usomaji vilivyotumika kwenye mradi wa Tusome wa kuwafunza watoto kusoma, ulioenea nchi nzima mwaka 2015, mtoto aliyehesabiwa kuwa asoma vizuri alitakiwa kufikisha maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza, na 45 kwa Kiswahili. Mtoto hakuwa mzito zaidi kwa Kiswahili. Maneno yetu ni marefu, kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kitendo.

Upande wa pili tuna bahati kubwa. Kwetu "ba" ni "ba" popote uikutapo. Mtoto akishazijua silabi, hakuna neno asiloweza kulitamka, hata kama maana yake haijui. Basi ukishika kitabu cha kujisomea, angalia silabi za ukurasa wa kwanza. "Baba ameleta maji" ni nyepesi, kila konsonanti na irabu yake. "Ng'ombe wamekunywa" ni habari nyingine: kuna ng', kuna mb, kuna nyw. Kitabu kinachofungua kwa ng'ombe, mbweha na mnyang'anyi katika ukurasa mmoja, hata kama kina maneno kumi tu na picha kubwa, si cha kuanzia kujisomea.

Kipimo changu dukani ni cha vidole. Nafungua katikati ya kitabu, si mwanzo, kwa kuwa mwanzo hulainishwa, namwambia mtoto anisomee kwa sauti. Kila akikwama nakunja kidole. Vidole vitatu vikishakunjwa kabla ukurasa haujaisha, hicho kitakuwa cha kusomewa. Simwambii kuwa kimemshinda. Namwambia, "Hiki tutasoma pamoja," na kweli tunasoma pamoja. Kama mtoto hukuja naye dukani, kumbuka kitabu alichokimaliza mwisho bila kusaidiwa, na ufungue kipya ukivilinganisha kwa urefu wa vitenzi.

Chini ya miaka mitatu

Hapa hakuna kujisomea, ila kuna kushika, kutafuna na kufunua. Vya kuchagua ni viwili: kitabu cha kadi ngumu, au kitabu cha kitambaa. Cha kitambaa chafulika, ila picha zake hufifia na mtoto hakionei raha ya kufunua. Mimi huchukua cha kadi. Tatizo ni kwamba vingi vinavyouzwa hapa vimetoka ng'ambo, vimejaa theluji na tufaha, vitu ambavyo mtoto wa Mombasa havioni kwake. Kwa umri huu ninachokipenda kuliko vyote ni cha kujitengenezea: picha nane za nyumbani zilizosafishwa studio, zikagundishwa kwenye kadi, ya nyanya, ya paka wa barazani, ya dafu, ya feri ya Likoni. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akimwona nyanyake ukurasani hulipiga busu lile karatasi.

Minne hadi sita

Madukani rafu hii ndiyo iliyojaa kuliko zote, na ndiyo yenye mitego mingi. Vinavyoshindana ni kitabu cha alfabeti na silabi kwa upande mmoja, na kitabu cha picha chenye hadithi kwa upande wa pili. Wazazi wengi hukimbilia cha alfabeti kwa kuwa chaonekana kama masomo. Kama unakinunua, nenda kwanza kwenye herufi za mwisho mwisho. Kiswahili hakina Q wala X, na C haisimami peke yake, lazima iandamane na H. Kitabu cha "alfabeti ya Kiswahili" chenye ukurasa wa X kimegeuzwa kutoka Kiingereza, na aliyekigeuza hakuwa na haja na mtoto wako. Mara nyingi utakuta makosa mengine ndani: neno la D lenye picha ya dhahabu, kana kwamba "dh" ni "d". Kizuri hukipa "ch", "dh", "ng'", "ny" na "sh" kurasa zao wenyewe.

Lakini mimi ningemnunulia wa umri huu kitabu cha picha, alfabeti ataipata shuleni. Na picha zenyewe zina daraja. Kuna picha inayorudia maneno: pameandikwa "Kuku amekimbia", kachorwa kuku akikimbia. Kuna picha inayosema lisiloandikwa: pameandikwa "Kuku amekimbia", na kwenye pembe ya ukurasa waona mkia wa paka ukichungulia nyuma ya pipa. Hii ya pili ndiyo inayomfanya mtoto akisome kitabu kabla hajajua kusoma. Hunyoosha kidole, hupiga kelele, hukwambia yajayo. Ukiwa dukani, funika maneno kwa mkono wako utazame picha peke yake. Kama hadithi yafahamika na bado yakuongezea kitu, kilipie.

Cha kusomewa kwa umri huu kiwe na sauti. Kiswahili kimejaliwa tanakali, na mwandishi anayezitumia anajua anamwandikia nani. Alianguka majini si sawa na alianguka majini chubwi. Alilala si sawa na alilala fofofo. Mdogo wetu wa miaka mitano, nikifika mahali pa "chubwi" husubiri nikae kimya, aliseme yeye. Kitabu hicho tumekisoma mara nyingi hata nimeacha kuhesabu, na kila mara lile "chubwi" ni lake. Marudio ya aina hiyo, maneno yanayorudi kila ukurasa na mtoto akayadaka, ndiyo yanayomvusha kutoka kusomewa hadi kujisomea bila yeye kujua kuwa amevuka.

Soma pia ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa. Vitabu vyetu vingi vya watoto wadogo huishia kwa mwalimu mkuu au mzazi akimwambia mtoto osha mikono, tii wakubwa, usiseme uwongo. Mafunzo ni mema na nyumbani twayatoa kila siku. Ila hadithi iliyoandikwa kwa ajili ya ukurasa wake wa mwisho tu, mtoto huinusa mapema, na haiombi tena.

Saba hadi tisa

Huu ndio umri wa kupatikana au kupotea. Shuleni anaanza kusoma kwa mitihani, nyumbani simu inamwita, na kitabu kikimshinda mara tatu mfululizo ataamini kuwa yeye si msomaji. Hapa ndipo kosa la kununua kwa gredi linaumiza zaidi.

Cha kujisomea kwa umri huu, chukua kile cha ngazi: kijitabu chembamba cha kurasa 16 hadi 32, sentensi fupi, sura mbili tatu. Wachapishaji wengi wa Kenya huvipanga vitabu vya hadithi kwa ngazi au kwa gredi, na vingine huwa na idhini ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Idhini hiyo ina maana yake: kitabu kimepitiwa, tahajia imekaa sawa, kinafaa darasani. Haikwambii kama mtoto atacheka. Nunua ngazi moja chini ya anayosomea darasani. Najua wazazi hulikataa hili, baba mmoja jirani aliniambia, "Bwana, nimlipie karo halafu nimrudishe nyuma?" Nilimwomba ajaribu kwa likizo moja ya Agosti. Mtoto anayemaliza vitabu vitano vyepesi huenda mbali kuliko aliyekwama ukurasa wa nne wa kizito, kwa sababu wepesi wa kusoma huja kwa kusoma kurasa nyingi. Hakuna njia nyingine.

Kuna jambo jingine linalowahusu watoto wa huku hasa. Wengi nyumbani wanasema Kimvita, na kitabu kimeandikwa Kiswahili sanifu. Mpwa wangu wa miaka minane alikuwa akinisomea habari za msichana aliyekwenda kisimani kuteka maji. Akasimama, akanitazama. "Ami, maji yana nini hata akayateke?" Kwetu kuteka ni kucheka, na yeye amekulia gorofani, maji ya kwao huja kwa mkokoteni wenye mitungi, hajapata kuona mtu akitia ndoo kisimani. Alikuwa amesoma neno kwa usahihi, silabi zote tatu, na alichokiona kichwani ni msichana akiangua kicheko mbele ya kisima. Tulicheka naye sana, kisha nikamweleza. Nyumbani ni ndia, mato, mtele, nti. Kitabuni ni njia, macho, mchele, nchi. Mtoto akisoma "mato" mahali palipoandikwa "macho", usimkemee. Amefahamu maana, jicho limeruka likamwachia ulimi kazi. Ila keti naye kwenye kurasa za mwanzo za kila kitabu kipya, kwa maana maneno ya namna ya "kuteka" hayajitangazi.

Vitabu vya lugha mbili, Kiswahili juu na Kiingereza chini, huuzwa sana kwa umri huu na vyavutia mzazi: kitabu kimoja, lugha mbili, bei moja. Nimevijaribu. Mtoto huchagua lugha iliyo nyepesi kwake na nyingine haigusi. Wanaosoma shule za binafsi hushuka chini kwenye Kiingereza, na Kiswahili kinabaki pambo la ukurasa. Afadhali vitabu viwili vya lugha moja moja. Cha lugha mbili kinafaa kwa kusomewa tu, pale mzazi mwenyewe anapohitaji msaada wa upande mmoja.

Kwa sikio la miaka saba hadi tisa ningeweka vitu viwili na ningevitaka vyote: ngano, na kisa cha kweli. Ngano za sungura na fisi na visa vya Abunuwasi havijachuja, na matoleo mapya yenye michoro mizuri yanaendelea kutoka. Linganisha matoleo kwa mazungumzo: katika toleo zuri Abunuwasi anajibu mwenyewe, kwa ulimi wake mkali. Katika toleo dhaifu mwandishi anakueleza tu kwamba Abunuwasi alikuwa mwerevu.

Kisa cha kweli, nakitaja kimoja kwa jina kwa sababu kilitokea hapa hapa Bamburi. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, mtoto wa kiboko alikutwa peke yake kwenye mwamba wa bahari karibu na Malindi. Akaokolewa kwa nyavu, akaletwa Haller Park, bustani ya wanyama ya Bamburi, na alipofunguliwa akamkimbilia kobe mkubwa aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 130, akajificha nyuma yake kama anavyojificha mtoto nyuma ya mamake. Kiboko aliitwa Owen, kobe ni Mzee. Kitabu chao, *Owen & Mzee*, kilichapwa Marekani mwaka 2006. Mmoja wa waandishi wake ni mwanamazingira Mkenya Paula Kahumbu, na picha ni za mpigapicha Peter Greste. Nilichonacho mimi ni cha Kiingereza. Kwa jicho la mtoto wa miaka saba ni kizito, lakini picha zake si za kuchora, ni mnyama kweli akilala kichwa juu ya gamba. Hukifungua nikahadithia kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, na mara mbili nimewapeleka Haller Park kuwaona kobe kwa macho yao. Ukilinganisha ngano na kisa kama hiki, ngano humpa mtoto lugha, na kisa cha kweli humpa maswali. Baada ya Owen niliulizwa kobe huishi miaka mingapi, tsunami hutoka wapi, na kama mamake kiboko alikufa. Swali la mwisho lilihitaji kujibiwa polepole.

Kumi hadi kumi na mbili

Sasa jicho limelifikia sikio, na kinachoamua ni mapenzi yake. Vinavyoshindana ni riwaya fupi ya kurasa 60 hadi 100, katuni, na kitabu cha maarifa.

Katuni huzionea haya wazazi wengi, waziona si kusoma. Kwa mtoto aliyekwishachukia vitabu, hasa wavulana wa umri huu, mimi huanza na katuni bila kusita. Maneno yaliyo vinywani mwa wahusika ni Kiswahili cha kusemwa, chenye kejeli, mkato na utani, na kukifahamu kunahitaji akili. Kasoro yake ni kwamba huisha upesi: kitabu cha bei nzima kwa saa moja ya kusoma. Basi ziazime ukiweza, na pesa uiweke kwenye riwaya.

Kwenye riwaya fupi tazama sura ya kwanza inaanza wapi. Inayoanza kwa jua kuchomoza, ndege kuimba na maelezo ya kijiji kurasa mbili, mtoto wa miaka kumi na moja huiweka chini. Inayoanza na jambo, mtu amepotea, mzigo umekutwa, mlango umegongwa usiku, ataifuata mpaka mwisho. Na wahusika wawe wakubwa kwake kidogo. Mtoto wa kumi hupenda kusoma habari za wa kumi na mbili. Za wa minane hataki kuonekana nazo.

Kitabu cha maarifa kina kipimo chepesi kwa mtoto wa Mombasa. Fungua mahali panapoelezwa historia ya mji huu. Kikianza na kufika kwa Vasco da Gama mwaka 1498, na kisha Wareno kuijenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593, kama kwamba kabla ya hapo palikuwa pwani tupu, kirudishe. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331, akawakuta watu wenye ndizi na ndimu, misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na maji milangoni pa misikiti ya kutawadhia miguu. Mwandishi aliyejishughulisha kulijua hilo atakuwa amejishughulisha na mengine pia.

Cha kusomewa hapa ni Fumo Liyongo, kisa cha shujaa wa kale wa pwani kilichohifadhiwa kwa tenzi. Wazazi huniuliza, huyu wa kumi na moja bado asomewe? Asomewe, kwa sababu lugha ya tenzi jicho lake halitaiweza na sikio litaiweza. Matoleo ya kinathari kwa watoto yapo, na ukipata lenye beti chache za utenzi katikati, chukua hilo. Nikifika mahali Liyongo yumo gerezani, na mamake ametia tupa, kile chuma cha kukerezea, ndani ya mkate wa wishwa, barazani hakuna anayepumua. Askari wanachukua chakula kizuri wakala wao, mkate wa wishwa wanamtupia mfungwa kwa dharau, nao ndio wenye tupa. Usiku nje gungu linachezwa, vigoma na matari vinalia, na ndani Liyongo anakereza minyororo chini ya kelele ile. Mtoto mmoja husugua kucha kwenye ukuta nikisoma, kufanya ile sauti.

Ukilinganisha na Abunuwasi, ambaye humaliza kila kisa akiwa mshindi, Liyongo anauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Kwa chini ya miaka kumi mimi sikisomi mpaka mwisho. Kwa wa kumi na moja nasoma chote, na siharakishi kukieleza.

Kumi na tatu kwenda juu

Nitasema machache, maana hapa wanachagua wenyewe na ni haki yao. Jambo moja tu: geuza mambo, sasa yeye ndiye asome kwa sauti. Mkubwa wetu humsomea nyanyake ambaye macho yamepungua nuru, na nyanya humsimamisha kila penye neno la zamani akamweleza. Kwa kazi hiyo mchagulie kitabu anachokipenda nyanya.

Cha Nairobi au cha Dar es Salaam

Mombasa tuna neema ya kupata vya pande zote mbili. Vya Kenya vina maneno ya maisha ya mtoto wetu, matatu, gredi, shilingi yetu, na tahajia yao inaafikiana na ya darasani. Vya Tanzania vimeandikwa nchi ambayo Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali, na wachapishaji kama Mkuki na Nyota wamezoea kumwandikia mtoto asiyehitaji kurahisishiwa. Kiswahili chake hutiririka, kina methali zilizokaa mahali pake, na "daladala" badala ya "matatu" humfunza mtoto kuwa lugha yake ina nchi zaidi ya moja. Kwa kujisomea mimi hununua cha Nairobi, kwa kusomewa cha Dar. Na popote kilipotoka, geuza ukurasa wa jina uone mwaka. Madukani bado kuna vya mfumo wa zamani wa masomo, wa 8-4-4, vilivyobaki, vimefutwa vumbi. Hadithi nzuri haiozi, ila usilipe bei ya kitabu kipya.

Karatasi, simu, au kopi

Hewa ya chumvi ni adui wa vitabu, na hili wauzaji hawalisemi. Kijitabu kilichobanwa kwa pini za chuma hushika kutu, pini zikachafua karatasi na kurasa za katikati zikachomoka. Kilichogundishwa kwa gundi tupu hulegea msimu wa mvua za masika. Kilichoshonwa kwa uzi hudumu. Kifungue katikati utauona uzi. Kwa kitabu kitakachopita mikono ya watoto watano, tofauti ya bei kwa ajili ya uzi naiona halali.

Simuni kuna hazina ya bure. Mradi wa African Storybook ulioanzishwa Afrika Kusini umeweka mtandaoni hadithi nyingi za Kiswahili ambazo yeyote ana ruhusa ya kupakua, kuchapa na kugawa. Kilichonivutia ni mpango wao wa ngazi: maneno ya kwanza, sentensi za kwanza, aya za kwanza, aya ndefu zaidi, na ngazi ya tano ni hadithi za kusomewa kwa sauti. Kasoro ni kwamba tafsiri hutoka kwa watu wengi na hazilingani, nyingine zina upatanisho mbovu, kwa hiyo isome wewe kwanza.

Mimi sikumpa mtoto simu asomee. Naogopa kile kinachobonyezwa baada ya ukurasa wa tatu. Hadithi zenyewe huzichapa. Hadithi ya kurasa 16 huenea kwenye karatasi nne za A4, mbele na nyuma, ukikunja katikati. Ukizishona kwa sindano na uzi badala ya pini, una kitabu cha kujisomea kwa bei ya kopi, na kikichanika hakuna anayeumia roho. Maktaba ya umma nayo ipo hapa mjini, na kuazima ni njia nzuri ya kumjua mtoto anapenda nini kabla hujatoa pesa.

Ukiwa na pesa ya kimoja tu

Nunua cha kusomewa. Cha kujisomea waweza kukichapa, kukiazima, hata kukiandika kwa mkono wako kwenye daftari, sentensi kumi na mchoro. Cha kusomewa chahitaji mwandishi hodari, mchoraji hodari na ushonaji mzuri, na hivyo ndivyo vya kulipia. Tena kimoja chatosha mkeka mzima: wa miaka mitano asikiliza sauti, wa tisa asikiliza kisa, wa kumi na mbili achungulia begani mwako akisoma mbele yako.

Isipokuwa nyumba ambayo jioni hakuna wa kusoma. Mama mmoja jirani hufanya kazi ya hoteli huko kaskazini, hurudi watoto wamelala, na kumwambia huyo asome kila usiku ni kumtwika asichoweza. Mwanawe ana miaka minane. Huyo nilimpa cha kujisomea, kijitabu chembamba cha kurasa 24, ngazi moja chini, kinachoanza na mbuzi aliyepanda juu ya bati la nyumba. Baada ya wiki mbili alikirudisha jalada limetoka, amelibandika kwa selotepu upande wa ndani ili lisionekane, akasimama kizingitini. "Ami, yule mbuzi ana kitabu kingine?"